Herufi Niliyomwongezea Jarmila

Jumapili ile pale ukumbini Kingsbury, mlipokuwa mmeketi na sahani zenu za biriani, msichana mmoja aliniuliza kwa Kiingereza kama katika miaka yangu yote ya kazi niliwahi kufanya kosa kubwa. Nikawachekesha kwa kisa cha nyumba. Mkacheka, nami nikacheka, kila mtu akaenda zake. Nilipofika kwangu niliona nimemdanganya yule msichana. Kisa cha nyumba hakikuwa kosa kubwa. Kosa kubwa ni jingine, na kwa kuwa nimekwisha kustaafu na hakuna wa kunifukuza kazi, nimeona niliandike.

Kwa wale ambao hawakuwepo: jina langu Nargis, mzaliwa wa Mombasa, mtaa wa Makadara. Baba yangu alikuwa na kiwanda kidogo cha kupiga chapa, akitengeneza kadi za arusi, vitabu vya risiti na matangazo ya misikiti kwa Kiswahili, Kigujarati na Kiingereza. Mimi nilijifunza kupanga herufi za risasi, vile vipande vya madini vya kuchapia, kabla sijajua kupika wali. Hapa London nilifanya kazi ile ile karibu miaka ishirini, katika chumba cha chini ya ardhi huko Stratford, nyuma ya duka la mazulia. Ila lugha ilikuwa nyingine. Nilikuwa napanga vitabu vya Kicheki na Kislovakia, vitabu vilivyopigwa marufuku kwao. Tulivichapa hapa vikiwa vidogo, kwa karatasi nyembamba, kisha madereva wa malori waliviingiza Chekoslovakia kwa kuvificha.

Kisa cha nyumba ndicho hiki. Kicheki kina alama nyingi juu ya herufi: vijiti, vindoano, viduara. Kuna neno lenye kijiti juu yake ambalo maana yake ni "kuwa". Ukiondoa kijiti, linakuwa "nyumba ya ghorofani". Makala ilikuwa na kichwa "Haki ya Kuwa". Mimi nikasahau kijiti.

"Bi Nargis," mwenye kiwanda akaniambia, ameshika nakala mkononi, "mwandishi ameandika kurasa ishirini juu ya taifa dogo lililobanwa kati ya mataifa makubwa, linalodai haki ya kuwepo duniani. Wewe umemwandikia ombi la nyumba kwa halmashauri."

Nikamjibu, "Bwana Vojta, sisi Kingsbury tuko watu wanane vyumba viwili. Hilo ombi mimi nalitia sahihi sasa hivi."

Hapo ndipo mlipocheka.

Sasa nitawaambia jinsi nilivyoipata kazi ile, maana bila hilo hamtaelewa kosa lenyewe. Tulifika mwaka 1968, mwezi wa pili, baridi ya kukata masikio. Wahindi wa Kenya tuliokuwa na pasi za Kiingereza tulikuwa tunakimbilia ndege, kwa sababu Uingereza ilikuwa inatunga sheria haraka haraka ya kutuzuia sisi wenye pasi zake. Mume wangu Sadru alipata kazi ya kupakia mizigo uwanja wa ndege, huko Hounslow. Mimi nikapata kiwanda cha kuchapa lebo za chupa. Mwezi wa nane mwaka ule ule nilikuwa nimesimama mbele ya duka la televisheni Kingsbury Road, mfuko wa unga mkononi, nikaona vifaru vinapita katikati ya mji mzuri wa mawe, na watu wamevizuia kwa mbele wakigombana na askari waliokuwa juu. Sikujua ni mji gani. Mzee mmoja wa Kizungu kando yangu akasema, "Praha." Nilidhani ni jina la mtu; kumbe ni mji mkuu wa Chekoslovakia, na vifaru vilikuwa vya Warusi, waliokuja kuzima mageuzi ya kule.

Miaka miwili baadaye kiwanda cha lebo kikafungwa. Nikasikia kuna mtu Stratford anatafuta mpangaji wa herufi. Nikaenda. Nilimkuta mwanamume mrefu, mkavu, tai imefungwa vizuri na mikono imejaa wino. Huyo ndiye Bwana Vojta. Kwao, mji wa Brno, alikuwa mwalimu wa sheria. Wakomunisti walipotwaa serikali mwaka 1948 alivuka mpaka kwa miguu.

"Unajua Kicheki?" aliniuliza.

"Hapana."

"Kislovakia? Kirusi? Kijerumani?"

"Hapana, bwana. Najua Kiswahili na Kigujarati, na hiki Kiingereza unachokisikia."

"Vizuri sana," akasema. "Njoo Jumatatu."

Nilifikiri amenifanyia mzaha. Baadaye akanieleza. Kwanza, mpangaji anayejua lugha husoma maana badala ya herufi, na akisoma maana hurekebisha mambo bila kujua. Asiyejua hupanga kile alichowekewa mbele, basi. Pili, London ilikuwa na watu waliolipwa kupeleka habari za wakimbizi kwa polisi wa siri wa kule. Mtu asiyeweza kusoma hawezi kusimulia.

Kwa hiyo, vijana wangu, niliajiriwa kwa ujinga wangu. Na kwa miaka ya mwanzo nilikuwa mjinga hodari. Nilikuwa naweka kipande cha kadibodi chini ya mstari ili macho yasikimbilie mbele. Prufu, yaani ile karatasi ya majaribio, nilikuwa naisoma kutoka mwisho kwenda mwanzo, neno baada ya neno, ili akili isipate nafasi ya kujipendekeza. Palipofifia sikukisia: niliweka mraba mweusi mahali pa herufi, nikaenda kuuliza. Baba alinifunza hayo yote Makadara juu ya majina ya maharusi, maana ukikosea jina la bibi arusi utakimbizwa na ukoo mzima.

Mtu wa tatu pale alikuwa Bi Ludmila. Huyu alikuwa Mslovakia, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini, aliyekuja baada ya vifaru. Kazi yake ilikuwa kusoma prufu akilinganisha na nakala ya mwandishi. Kila ukurasa aliouridhia aliuandikia L pembeni kwa penseli ya bluu. Sheria ya Bwana Vojta ilikuwa moja: ukurasa usio na L hauendi kwenye mashine.

Chakula cha mchana tulikula pamoja, mimi na chapati na dengu zangu, wao na mkate wao mweusi. Hapo ndipo nilipopata elimu yangu. Siku moja niliwaambia kwamba jirani zetu Tanzania wana siasa iitwayo ujamaa. Bwana Vojta akauliza neno lenyewe lina maana gani. Nikamwambia, ni udugu, kuishi kama jamaa.

"Sisi pia tulikuwa jamaa," akasema. "Ndugu mkubwa akatutembelea na vifaru."

Bi Ludmila hakucheka. Yeye alikuwa mwanachama wa chama kile cha Kikomunisti. Mwaka ule wa 1968 aliamini kwamba wanaweza kukigeuza: magazeti yaseme kweli, watu wasifungwe kwa maneno, na bado maskini asiachwe. Alipiga makofi mikutanoni mpaka viganja vikauma. "Haikuwa ndoto ya kijinga," alisema.

"Ilikuwa ndoto ya watu waliotufunga sisi kwanza," Bwana Vojta akamjibu.

Walikuwa hivyo kila wiki. Na Bwana Vojta akisema "jamhuri yetu ya kwanza", ile iliyozaliwa baada ya vita vikuu vya kwanza, Bi Ludmila husema "jamhuri yenu", kwa sababu Waslovakia waliambiwa ni ndugu sawa lakini wakatendewa kama mdogo wa mwisho. Bwana Vojta naye akimkumbusha kwamba wakati wa vita vya pili Slovakia ilijitenga ikashikamana na Wajerumani, Bi Ludmila hakujitetea. "Niliketi dawati moja na msichana wa Kiyahudi," alisema. "Waliomchukua walikuwa watu wetu, na sare zetu. Najua." Kisha wote wawili wakakata mkate.

Nilimwuliza Bwana Vojta imekuwaje akaja Uingereza, nchi ambayo kabla ya vita ilikaa Munich na wakubwa wenzake, ikakata kipande cha Chekoslovakia ikampa Mjerumani, wenye nchi hata hawakuitwa mezani. Akanitazama. "Na wewe imekuwaje ukaja, Bi Nargis, nchi iliyokupa pasi kisha ikakufungia mlango?" Tulikuwa tumekuja mahali palipokuwa na kazi.

Lugha haikai nje ukiishughulikia kila siku. Kufikia mwaka wa tano nilikuwa natambua maneno. Mwaka wa saba nilinunua kamusi, nikaificha kwenye mfuko wa chapati. Nilikuwa nasoma ndani ya treni, Kingsbury mpaka Oxford Circus, nabadilisha, mpaka Stratford. Sikuwa na nia mbaya. Nilikuwa mwanamke niliyetolewa shule darasa la nane, na sasa nilikuwa naanza kusoma lugha ya watu waliosoma vyuo vikuu. Bwana Vojta alipogundua hakuniambia niache. Alifurahi. Akawa ananiuliza maneno kama mwalimu, nami nikajibu, nikavimba kichwa.

Mwaka wa nane ukaja mswada kutoka Brno. Ulikuja umekunjwa vipande vipande, umeshonewa ndani ya koti. Mwandishi alijiita Petr. Alifanya kazi katika hifadhi ya kumbukumbu za hospitali, jina la hospitali silisemi hata leo. Miaka ya hamsini wafungwa wa siasa wa nchi ile walitumwa migodini kuchimba urani, madini yenye sumu ya mionzi. Mwandishi alikuwa amekaa na mafaili ya wafungwa walioletwa hospitalini kwake, akanakili majina, maradhi waliyoandikiwa, na maradhi waliyokufa nayo kweli. Familia zao ziliambiwa moyo, au nimonia. Ndicho kitabu. Orodha ya watu na uongo ulioandikwa juu yao.

Siku moja Bi Ludmila alikuwa anasoma kurasa za mwanzo, akasema polepole, kama anasema peke yake, "Mwanamke huyu ana moyo wa chuma." Bwana Vojta akamtazama vibaya. Bi Ludmila akafunga mdomo. Lakini nilikuwa nimesikia. Petr alikuwa mwanamke.

Hapa lazima niwaeleze jambo la lugha, na nyinyi mnaojua Kiswahili mtaliona upesi. Sisi tukisema "nilifanya kazi", hakuna anayejua kama msemaji ni mume au mke. Kicheki hakimfichi mtu. Mwanamume husema *pracoval*. Mwanamke huongeza herufi moja mwishoni: *pracovala*. Yule mama alikuwa ameandika kitabu kizima kama mwanamume ili asijulikane. Angekuwa ameandika kwa Kiswahili, angelala salama.

Kurasa za mwisho zilifika wiki ambayo dereva alikuwa anaondoka Ijumaa. Bi Ludmila alikuwa na mafua makali, yuko kitandani. Bwana Vojta alikwenda mkutanoni nje ya mji. Nilibaki peke yangu na kurasa kumi na sita. Zilikuwa nakala za kaboni, za nane au tisa chini ya rundo, herufi zimefifia kama moshi, na pembeni karatasi imechakaa kwa kule kukunjwa. Mwisho wa mstari mmoja palikuwa na neno *pracoval*, na baada ya l kivuli kidogo, kisha ukingo uliochanika.

Baba angeweka mraba mweusi. Mimi mwenyewe wa miaka mitano nyuma ningeuweka. Lakini nilikuwa nimekwisha kujua. Nilijua mwandishi ni mwanamke, nilijua mwanamke huongeza a, na niliona mahali ambapo a ingekaa. Sikukumbuka kwamba kitabu chote kinasema kiume, maana kurasa zilikuwa zinanijia vipande vipande na nyingi ni orodha tupu. Nilikuwa najua Kicheki cha kutosha kuharibu, si cha kutosha kuelewa. Nikaweka a. Mtanisamehe nikisema kweli: niliiweka kwa furaha.

Kisha nikampigia simu Bi Ludmila. "Kurasa za mwisho hazina L," nikamwambia.

Sauti yake ilikuwa imekwama kooni. "Umezisoma wewe?"

"Mara mbili."

"Basi tia L yangu, Nargis. Nakuamini."

Nikatia. Ijumaa dereva akaondoka.

Miezi mitano baadaye Bwana Vojta aliingia asubuhi bila kuvua koti. Alikuwa na barua iliyopitia Vienna. Akatusomea akitafsiri kwa Kiingereza ili nami nisikie. Polisi wa siri walikuwa wamekipata kitabu. Walijua hospitali kwa sababu ya majina ya wagonjwa. Katika hifadhi ile walifanya kazi watu watatu, wanaume wawili na mwanamke mmoja. Waliwakamata wale wanaume, wakawahoji, wakakaribia kuwaachia kwa kukosa ushahidi. Halafu ofisa mmoja aliyesoma kitabu neno kwa neno akalikuta neno moja ukurasa wa karibu na mwisho. Mwanamke yule aliitwa Jarmila. Walimchukua akiwa kazini. Alikuwa na binti wa miaka kumi na tisa.

Bwana Vojta akafungua kabati, akatoa prufu ya ukurasa ule. Akaiweka mezani, na L ya bluu pembeni.

"Ludmila," akasema, "hii ni nini?"

Bi Ludmila aliitazama L. Kisha akanitazama mimi. Hakunitazama kwa ukali. Alinitazama kama mtu anayekupisha mlangoni upite kwanza.

Nami sikupita. Nikashika kitambaa, nikaanza kufuta mashine iliyokuwa safi.

"Nilikuwa na homa wiki ile," Bi Ludmila akasema mwishowe.

Niwape sababu zangu? Sadru alikuwa amelazwa kwa kifua, mshahara ulikuwa wangu peke yangu. Ni kweli. Lakini hata kama Sadru angekuwa mzima, nadhani ningenyamaza. Nilikuwa naona haya, na haya ilinikaba kuliko woga.

Habari zikatoka nje ya chumba chetu. Wakimbizi wale wa zamani, wa 1948, hawakuwa wamewaamini kamwe waliokuja baada ya vifaru. Wakasema: mwanachama wa chama, tena Mslovakia, ndiye aliyeachia neno lile lipite, na neno moja tu kati ya kitabu kizima. Si kosa, hiyo ni ishara kwa polisi. Mwanamke mmoja alimtemea mate kanisani. Bi Ludmila akaendelea kuja kazini, akakaa kwenye meza yake, akachonga penseli ya bluu. Hakuniambia neno. Kila asubuhi nilijiambia, leo. Siku ya kumi na moja aliacha penseli mezani, akavaa koti, akasema "Kwa heri, Vojta," akapanda ngazi.

Siku ya kumi na mbili nilizungumza. Bwana Vojta alikuwa anakula. Nilisimama mbele yake nikamwambia yote: kivuli, a, simu, L. Akavua miwani, akashika macho kwa vidole muda mrefu.

"Kwa nini hukuweka mraba?" akauliza.

"Nilidhani najua."

"Na siku hizi kumi na mbili?"

Nilingoja aniambie nitoke. Alivaa miwani, akasogeza mkate pembeni. "Nilikuajiri kwa sababu hukujua kusoma," akasema. "Kisha nikawa nakufundisha, kwa sababu nilikosa wanafunzi. Hilo nitalibeba mimi. Lingine libebe wewe. Sasa nenda kapange ukurasa unaofuata, kwa sababu hakuna mwingine wa kuupanga."

Aliandika barua kwa vyama vyote vya wakimbizi kumsafisha Bi Ludmila. Hakutaja jina langu, aliandika "mfanyakazi wetu". Watu walikuwa wamekwisha kuipenda ile hadithi ya kwanza. Wachache sana walimwomba radhi.

Nilimtafuta Bi Ludmila. Alikuwa Hounslow, anapiga pasi vitambaa vya viti vya ndege katika kiwanda kikubwa cha kufulia karibu na uwanja. Alifungua mlango nusu. Mikono yake ilikuwa imeungua mpaka kwenye viwiko.

"Bi Ludmila, nimemwambia. Naye amewaandikia wote."

"Najua," akasema. "Kosa la herufi ningelisamehe pale pale mezani, Nargis. Hata mimi ningeweza kulifanya. Lakini nilikungoja siku kumi na moja." Akafunga mlango. Hakuubamiza.

Jarmila alihukumiwa miaka mitatu. Binti yake, Hana, aliondolewa chuo kikuu. Huo ndio ulikuwa utaratibu kwa watoto wa watu kama wale. Habari hizo zilitufikia. Baada ya hapo hazikuja tena.

Nilifanya kazi miaka mingine kumi. Herufi za risasi ziliondoka, ikaja mashine ya kupiga kama taipureta, kisha kompyuta. Nilirudi kwenye kadibodi na mraba mweusi. Kamusi nilimpa Bwana Vojta, akaiweka rafuni bila kusema kitu. Serikali ile ilipoanguka mwaka 1989 tulikuwa bado tunafunga vifurushi. Tuliona kwenye televisheni watu wamejaa uwanjani wakitikisa funguo mikononi, ndiyo njia yao ya kuiambia serikali itoke, na Bwana Vojta akasema, "Basi hatuna kazi tena," akalia. Alikwenda Brno mara moja, hakumkuta aliyemjua, akarudi kufia London.

Mwaka 1993 Chekoslovakia ilikatwa nchi mbili, bila risasi hata moja. Mwezi wa tatu nikapata kadi ya posta kutoka Košice, kusini mashariki mwa Slovakia. Nyuma yake palikuwa na anwani ya mtaa wa Brno, na mwandiko wa penseli: "Jarmila yu hai. Nenda. L."

Nikapanda basi kutoka Victoria, safari ya siku nzima na zaidi. Nilikuwa na miaka hamsini na tatu, miguu ikavimba. Njia nzima nilikuwa nakariri maneno.

Alikaa ghorofa ya nne. Alifungua mwenyewe, mwanamke mdogo, nywele fupi za mvi, meno ya bandia yaliyompwaya kidogo. Alinitazama, Mhindi na ushungi na mkoba, akadhani nimepotea nyumba. Nikamwambia kwa Kicheki changu cha chapani kwamba nimetoka London, kwamba ndiye niliyepanga kitabu chake. Uso ukamfunguka. Akanikaribisha ndani, akanivutia kiti. Jikoni palikuwa na mtu anaosha vyombo.

"Binti yangu," akasema. "Amekuja kunisaidia. Hatuzungumzi sana." Alisema hivyo kama mtu anavyotaja hali ya hewa.

Nikamwambia kabla sijaketi. Nilisema ukurasa gani, neno gani. Nilisema kwamba kwenye karatasi yake hapakuwa na a, ila kivuli tu mbele ya mchaniko, niliiongeza mimi.

Akasema, "Rudia."

Nikarudia.

Akakaa chini taratibu, ameshika ukingo wa meza. "Walinionyesha ukurasa huo," akasema. "Siku ya kwanza. Yule ofisa aliweka kidole pale, akasema, tazama, mama, umejisaliti mwenyewe. Nikatazama. Nakala yangu nilikuwa nimekwisha kuichoma, sikuwa na cha kulinganisha. Nikaona ni kweli. Nilikuwa napiga taipu nimechoka, nikajisahau, nikaandika kama nilivyo." Akapangusa meza kwa kiganja. "Nikatia sahihi. Miaka mitatu mle ndani nilikuwa najiuliza ni jioni gani ile niliyojisahau. Na baada ya kutoka pia. Mpaka leo asubuhi nilijua ni mimi."

"Ni mimi," nikasema.

"Binti yangu alitaka kuwa daktari. Anafanya kazi ghala la viatu. Kila tukigombana ananiambia, herufi moja, mama, ulishindwa kuiangalia herufi moja."

Nilitamani anipige. Macho yake yalikuwa makavu. Nilianza kusema naomba radhi, akainua mkono kunikataza. Hakuwa na nafasi ya radhi yangu wakati ule. Aligeuza kichwa kuelekea jikoni, akaita kwa sauti ambayo sikudhani mwili ule mdogo unayo.

"Hana! Hana, funga maji, njoo! Si mimi. Unasikia? Si mimi!"

Maji yakafungwa. Akatoka mwanamke wa miaka thelathini na ushei, mikono inachuruzika, akatutazama sote wawili. Jarmila aliniambia, "Mwambie yeye. Yote." Nikamwambia yote, kwa sentensi zangu zilizovunjika, na yeye amesimama pale pale maji yakidondoka sakafuni. Nilipomaliza hakunitazama tena. Alikuwa anamtazama mama yake.

Hawakunikaribisha chai, wala sikuitegemea. Nilichukua mkoba wangu, nikatoka, nikavuta mlango nyuma yangu. Nilikaa kwenye ngazi kupumzisha miguu. Kutoka ndani nikamsikia mmoja analia, na mwingine anazungumza haraka haraka, halafu wote wawili wanazungumza kwa pamoja.